Sura ya 5: Nyuzijoto Moja Inakula Magunia Mangapi?

Swali hili huzuka karibu kila panapozungumzwa mabadiliko ya tabianchi mbele ya wakulima: mahindi ni zao la jua, na hewa yenyewe hupanda na kushuka kwa nyuzijoto 10 au zaidi kati ya alfajiri na saa nane mchana, sasa hizo nyuzijoto 1 au 2 wanazotaja wanasayansi zitaudhuru vipi mmea uliozoea mapana yote hayo? Anayeuliza hivyo anaujua mmea vizuri. Kinachompotosha ni kipimo alichopewa. Ameambiwa habari za wastani wa dunia kwa mwaka mzima, ilhali hindi lililoko shambani linapigwa na joto la saa fulani, katika wiki fulani ya umri wake, likiwa na kiasi fulani cha maji kwenye mizizi. Joto linalopunguza mavuno limejificha humo, na hulikamati mpaka uzihesabu saa zenyewe. Hesabu ya namna hiyo huitwa modeli: hesabu inayoiga jambo la kweli ili tuweze kuuliza, likibadilika hili, lile litakuwaje? Sura hii inazitetea modeli za joto na mavuno, pamoja na upungufu wake, kwa sababu maamuzi ya mbegu na maji yanayofanywa miaka hii hayawezi kufanywa vizuri bila hizo.

Wastani unaficha nini

Mtu aliyeshinda njaa siku 3, kisha akala mikate 4 siku ya nne, amekula kwa wastani mkate 1 kila siku. Hesabu ni sahihi, lakini haisemi lolote kuhusu njaa yake. Chukua sasa wilaya mbili zenye wastani ule ule wa nyuzijoto 24. Katika ya kwanza hewa hushuka hadi 20 usiku na kufika 28 mchana. Katika ya pili hushuka hadi 14 na kufika 34. Ukitazama wastani peke yake utasema wakulima wa wilaya hizi wako sawa. Mahindi yao hayako sawa hata kidogo, kwa kuwa ya wilaya ya pili yanavuka nyuzijoto 30 kila mchana, na ya kwanza hayavuki hata siku moja.

Kwa nini 30? Mahindi hayakui hewa inaposhuka chini ya takriban nyuzijoto 8. Kuanzia hapo kila nyuzijoto inayoongezeka huharakisha ukuaji, mpaka kufikia mahali ambapo faida inakoma na hasara inaanza. Mahali hapo tupaite kizingiti. Mwaka 2009 watafiti Wolfram Schlenker na Michael Roberts walichapisha uchambuzi wa mavuno ya Marekani, wakiyalinganisha na joto la kila siku la maeneo yalikolimwa. Walikuta mavuno ya mahindi yakiongezeka kadiri joto linavyopanda hadi nyuzijoto 29, soya hadi 30, pamba hadi 32. Baada ya hapo mstari ulianguka, na ulianguka kwa kasi kubwa kuliko ulivyopanda. Jambo hili la mwisho ndilo zito. Kama mstari ungenyooka moja kwa moja bila kuanguka, siku ya baridi ingefidia siku ya joto kali, na wastani ungetosha. Kwa kuwa mstari unaanguka, tena kwa kasi kuliko ulivyopanda, siku moja ya nyuzijoto 36 hailipwi na siku moja ya nyuzijoto 22.

Hata huo wastani wa dunia unaotangazwa una kitu unachokificha. Katika muongo wa 2011 hadi 2020 dunia nzima ilikuwa na joto zaidi kwa nyuzijoto 1.09 kuliko miaka ya 1850 hadi 1900. Sehemu kubwa ya dunia hiyo ni bahari. Nchi kavu, ambako watu hulima, ilikuwa imepanda kwa 1.59.

Kinachotokea shambani

Hindi lina wiki zake za hatari. Juu ya bua hutoka mbelewele, zinazomwaga chavua, yaani unga wa uzazi wa kiume. Chini yake, kwenye ncha ya hindi changa, hutoka ndevu. Kila udevu umeunganishwa na chembe moja tu ndani ya hindi, na chembe hiyo haigeuki kuwa punje mpaka udevu wake udake chavua iliyo hai. Chavua haina maisha marefu ikishamwagika, na hewa kavu yenye joto linalozidi nyuzijoto 35 au hivi huiua upesi zaidi. Ukame nao huchelewesha ndevu, zikatoka baada ya chavua kwisha. Mkulima anayemenya hindi lenye mapengo, punje zimekaa mojamoja kama zilizopandwa na mtu mwenye haraka, anaona matokeo ya siku chache ambazo pengine hakuzitilia maanani, kwa sababu majani yalikuwa ya kijani na mvua ilikuwa imenyesha vya kutosha.

Njia ya pili ya hasara ni ya kimyakimya. Mmea huhesabu umri wake kwa joto. Wazo hili ni la zamani: Mfaransa René de Réaumur alipendekeza mwaka 1735 kwamba muda wa mmea kukomaa utokane na jumla ya joto la siku zake, na ndiyo maana mbegu ile ile hukomaa mapema ikipandwa bondeni na kuchelewa ikipandwa mlimani. Hewa ikizidi kupata joto, mmea huzeeka haraka. Mkulima anaweza kufurahia kuvuna mapema, lakini punje zimepata siku chache za kujazwa, na mmea umepata siku chache za usanisinuru, yaani kazi ya jani ya kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Mahindi yamekomaa kweli, ila ni mepesi.

Kwa ufupi: joto hupunguza mavuno kwa kuharibu uchavushaji katika siku chache kali, na kwa kufupisha maisha ya mmea msimu mzima. Modeli isiyoweza kutofautisha mawili haya itatoa majibu mabovu.

Namna mbili za kuhesabu

Modeli za mavuno zina koo mbili. Ukoo wa kwanza ni modeli za ukuaji, kama DSSAT na APSIM, ambazo ni programu za kompyuta zinazoukuza mmea siku baada ya siku. Unaipa programu udongo, mbegu, tarehe ya kupanda, mbolea, mvua na joto. Nayo inahesabu jani limetanuka kiasi gani leo, maji yamepungua kiasi gani, na lini ndevu zitatoka. Ukoo wa pili ni modeli za takwimu. Hizi hazijifanyi kuujua mmea kwa ndani. Zinachukua rekodi za mavuno ya miaka mingi, zinaziweka kando ya rekodi za hali ya hewa, kisha zinatafuta uhusiano.

Mfano bora wa ukoo wa pili umetoka Afrika yenyewe, na nautazama kwa karibu kwa kuwa unaonyesha thamani ya daftari lililotunzwa. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, CIMMYT, pamoja na washirika wake katika nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, kilikuwa kikifanya majaribio ya mbegu kuanzia 1999 hadi 2007. Lengo lilikuwa kujua mbegu ipi inazaa kuliko nyingine, na joto halikuwa swali lao. Mwaka 2011 David Lobell na wenzake wa CIMMYT walichukua majaribio hayo, zaidi ya 20,000, wakaunganisha kila moja na hali ya hewa ya siku zake. Waligundua kwamba kila kipimo kimoja cha joto la ziada juu ya nyuzijoto 30 kilipunguza mavuno kwa asilimia 1 pale ambapo mvua ilitosha, na kwa asilimia 1.7 pale ambapo kulikuwa na ukame.

Hicho kipimo cha joto la ziada kinahitaji maelezo. Ni nyuzijoto 1 juu ya kizingiti kwa muda wa saa 24. Tuseme kwa siku 20 za msimu joto linafika nyuzijoto 32 na kukaa hapo saa 6. Hizo ni nyuzijoto 2 za ziada kwa robo ya siku, yaani nusu ya kipimo. Siku 20 zinatoa vipimo 10, na hasara ni takriban asilimia 10: shamba ambalo lingetoa magunia 20 linatoa 18. Sasa hewa iongezeke joto kwa nyuzijoto 1 tu. Saa zile zile 6 zinakuwa za nyuzijoto 33, ambazo ni nyuzijoto 3 za ziada kwa robo ya siku. Siku 20 zinatoa vipimo 15, na shamba linatoa magunia 17. Wastani wa msimu umesogea kidogo sana, lakini hasara imeongezeka kwa nusu yake. Na hapo hatujaziingiza saa ambazo zamani zilikuwa za nyuzijoto 29 na nusu, zisizodhuru, ambazo sasa zimevuka kizingiti. Hili ndilo jibu la swali la mwanzo wa sura.

Maji hubadilisha hesabu

Rudi kwenye zile tarakimu mbili, 1 na 1.7. Vipimo 15 vya joto la ziada katika mwaka wa ukame huleta hasara ya takriban asilimia 25, na hiyo inakatwa kutoka kwenye mavuno ambayo ukame wenyewe ulikwisha kuyapunguza. Sababu ni kwamba jani hujipoza kwa kutoa maji, kama ngozi itoavyo jasho. Hewa yenye joto ina kiu zaidi: kila nyuzijoto inayoongezeka huipa nafasi ya kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Mizizi ikikosa maji ya kulipa kiu hiyo, jani hufunga vitundu vyake ili lisikauke. Likifunga halijipozi, na halitengenezi chakula.

Lobell na wenzake walikadiria kwamba nyuzijoto 1 ya ziada ingeleta hasara katika takriban asilimia 65 ya maeneo ya mahindi ya Afrika mvua inapotosha, na katika maeneo yote panapokuwa na ukame. Kwangu tofauti hii ndiyo matokeo yenye manufaa kuliko yote katika utafiti ule. Mkulima hawezi kuipoza hewa. Anaweza kuyazuia maji yasikimbie shambani kwa makingamaji, matuta, matandazo na mboji, na kwa kufanya hivyo akabaki upande wa asilimia 1 badala ya 1.7. Kazi ya kuhifadhi unyevu, ambayo tumezoea kuiita kinga ya ukame, ni kinga ya joto pia, na inafaa ifundishwe hivyo.

Usiku nao umo

Mjadala wa joto hupenda kutazama mchana. Kuna mazao yanayoumizwa zaidi na usiku, kwa kuwa gizani mmea hupumua, na kupumua hutumia chakula kilichotengenezwa mchana. Usiku ukiwa na joto, akiba huungua. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi wa takwimu za karibu miaka 50 za kahawa ya arabika nchini Tanzania. Joto la usiku ndilo lililoonekana kuhusiana na mavuno kuliko kipimo kingine chochote: kila nyuzijoto 1 iliyoongezeka katika kiwango cha chini cha joto ilikwenda pamoja na upungufu wa takriban kilo 137 kwa hekta kwa mwaka. Kwa wakulima wadogo ambao mavuno yao kwa hekta huhesabiwa katika mamia machache ya kilo, hiyo ni sehemu kubwa ya mapato. Wala si rahisi kuihamisha kahawa ipande mlima. Kilimanjaro, juu ya mashamba, kuna msitu wa hifadhi ya taifa ambao ndio unaolisha vijito vya hao hao wakulima.

Hapa lakini inabidi tuseme ukweli kuhusu udhaifu wa modeli za takwimu. Mwaka 2004 watafiti waliotumia rekodi za taasisi ya kimataifa ya mpunga huko Los Baños, Ufilipino, walitangaza kwamba mavuno ya mpunga wa kiangazi yalipungua kwa asilimia 10 kwa kila nyuzijoto 1 ya ongezeko la joto la usiku. Matokeo yalishtua dunia. Miaka 2 baadaye wengine wakauliza: je, usiku wenye joto si mara nyingi ule wenye mawingu? Na mawingu ya mchana si ndiyo hupunguza mwanga? Kama ndivyo, usiku unabeba sehemu ya lawama isiyo yake. Vitu viwili vinavyotembea pamoja, takwimu peke yake haiwezi kuvitenganisha. Tiba yake ni kulinganisha koo zote mbili za modeli, na kuongeza majaribio ya kupasha joto mimea shambani.

Ulinganisho wa namna hiyo ulifanywa mwaka 2017, ukikusanya modeli za ukuaji, modeli za takwimu na majaribio ya shambani. Kwa kila nyuzijoto 1 ya ongezeko la joto la dunia, bila kuhesabu mbegu bora wala juhudi za wakulima kujirekebisha, mavuno ya dunia yalikadiriwa kupungua hivi:

- mahindi, asilimia 7.4
- ngano, asilimia 6.0
- mpunga, asilimia 3.2
- soya, asilimia 3.1

Njia zenye udhaifu tofauti zinapoelekea upande mmoja, ushahidi unakuwa mgumu kupuuzwa.

Wanaopinga wana hoja

Wapo wanaosema nyanda za juu zitanufaika. Ni kweli kwa sehemu. Joto hushuka kwa takriban nyuzijoto 0.6 kwa kila mita 100 za kupanda, na modeli za ukuaji zilizotumika Afrika Mashariki zimeonyesha mavuno yakiongezeka katika baadhi ya milima yenye baridi, wakati mabonde yanapoteza. Kitale, ambako mahindi ya muda mrefu hukaa shambani miezi 6 au zaidi, si sawa na Machakos, ambako mbegu ya Katumani huvunwa mapema. Lakini faida ya mlimani ina ukomo, na ardhi ya mlimani ni ndogo. Makadirio ya Tanzania nzima yaliyochapishwa mwaka 2011 yalikwisha kuchanganya mikoa ya baridi na ya joto, na bado yalionyesha kwamba nyuzijoto 2 zaidi kufikia 2050 zingepunguza mahindi kwa asilimia 13, mtama kwa 8.8 na mpunga kwa 7.6.

Wengine husema hewa ya ukaa, ile ile inayopasha dunia joto, ni chakula cha mimea. Hili nalo ni kweli kwa ngano, mpunga, maharage na muhogo. Mahindi, mtama, uwele na miwa yana namna nyingine ya kuikamata hewa hiyo, na kiasi kilichopo tayari kinayatosha. Msaada mkubwa yanaoupata ni kutumia maji kidogo zaidi. Nchi ambazo chakula chao kikuu ni ugali wa mahindi na mtama zisijipe matumaini makubwa hapo. Tena majaribio yameonyesha ngano na mpunga vilivyokuzwa katika hewa hiyo nyingi vikiwa na madini machache ya chuma na zinki.

Hoja nzito kuliko zote ni kwamba wakulima watajirekebisha, na shida yetu ya leo ni mbolea, siyo joto. Nakubali kabisa kwamba mkulima anayevuna magunia 6 kwa ekari anaweza kuongeza mavuno yake mara mbili kwa mbegu nzuri, mbolea na palizi ya wakati, faida inayozidi mbali hasara ya nyuzijoto 1. Modeli inayomdhania kuwa ataendelea kulima vile vile hadi 2050 inamkosea. Ila joto hukata asilimia ya kile ulichokijenga, na mbolea ni mkopo ambao lazima ulipwe hata ndevu zikikosa chavua. Kuhusu kujirekebisha, Marekani inatoa onyo: Schlenker na Roberts walikuta kwamba majimbo ya kusini, yenye joto la miaka na miaka, yana kizingiti kile kile sawa na ya kaskazini. Nchi yenye fedha, mbegu na vyuo vyote vile haikuwa imekisogeza.

Lipo pia lile la utabiri: wasioweza kusema mvua ya wiki ijayo watajuaje 2050? Modeli haisemi mwaka 2050 utakuwaje. Inasema uwezekano wa miaka mibaya utaongezeka kiasi gani. Hupimwa kwa kufichwa baadhi ya miaka iliyopita, kisha kuulizwa mavuno yake. Katika ngano, modeli 30 zilipolinganishwa, jibu la pamoja lilikaribia ukweli kuliko modeli nyingi zikiwa mojamoja.

Kwa ufupi: milima michache itapata, hewa ya ukaa itasaidia baadhi ya mazao, na kilimo bora kitaongeza mavuno. Hakuna hata moja kati ya hayo linalokiondoa kizingiti.

Wakati wa kuanza ni upi

Tangu wataalamu wachague wazazi wa mbegu mpya ya mahindi hadi mbegu hiyo ienee mashambani, Afrika huchukua kati ya miaka 10 na 30. Mbegu inayouzwa leo ilichaguliwa katika hewa ya jana. Mbegu ya 2045 inatakiwa ianze kuchaguliwa sasa, katika vituo vyenye joto la 2045, na wanaopanga bajeti za utafiti Nairobi, Dodoma na Kampala wanapaswa kuihesabu miaka hiyo kama wanavyohesabu miaka ya kujenga bwawa. Wanapaswa pia kulipia vipimo vya joto vya kila saa katika kila wilaya, kwa kuwa modeli iliyolishwa wastani wa mwezi itarudisha kosa lile lile la wastani.

Nawe mkulima, ukienda dukani msimu ujao, usiulize tu mbegu inakomaa kwa siku ngapi. Uliza inatoa mbelewele siku ya ngapi baada ya kuota. Hesabu kutoka tarehe unayotarajia kupanda, uone wiki hiyo inaangukia mwezi gani, na kama kwenu ndio mwezi wa jua kali, sogeza tarehe au chagua mbegu nyingine kabla hujafungua mfuko.